Mthamini Alihesabu Vinne

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala. Ripoti ya mthamini ilisema vinne.

Binti wa nyumba ndiye aliyeona, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na muda wa kusoma kurasa kumi na moja. Walimwita Digrii. Zamani lilikuwa jina la sifa. Sasa, mwaka wa nne wa kutuma sivii za kuomba kazi kwa watu wasiojibu hata "tumeipata", lilikuwa tusi la upole.

"Baba, wameongeza chumba. Hii ni frodi, ni ulaghai."

Baba, fundi bomba mstaafu, aliishika karatasi mbali na macho. Benki ilishamwambia kwamba kwa vyumba vitatu nyumba haitoshi kuwa dhamana ya mkopo wa kununua kifleti kimoja cha kupangisha ng'ambo ya mji. Kwa vinne inatosha. Miezi sita alikuwa amemsikiliza jamaa mmoja kwenye simu akihubiri passive income, hela inayoingia ukiwa umelala, na yeye alikuwa amechoka kulala bila chochote kuingia.

"Mtu akikuzidishia chenji," alisema, "wewe ni wa kumkimbiza barabarani?"

Mama hakucheka. Mabati ya nyumba ile yalitoka kwenye cherehani yake, miaka kumi na tisa ya sare za shule. Lakini alikwenda benki. Ofisa mikopo, kijana wa marashi makali, akawauliza kama yote yaliyoandikwa ni kweli. Baba akasema ni kweli. Mama akasema ni kweli. Wakatia saini kila ukurasa. Digrii aliwasubiri kwenye benchi, maana saini yake hakuna aliyeihitaji, kama kawaida.

Mkopo ukatoka, kifleti kikanunuliwa. Wiki ya pili ikaja harufu. Plasta mbichi, kama iliyopigwa asubuhi hiyo, mwisho wa korido, kwenye ukuta wa kalenda. Halafu sauti. Saa nane mchana, jua kali, nyumba kimya, futi ya chuma, ile ya kupimia vyumba, ilivutwa taratibu, ikatulia, kisha ikajirudisha: krrrr, tap. Kesho yake tena, saa ileile. Baba akasema ni mabomba. Fundi bomba akikuambia ni mabomba, utabisha?

Siku kalenda ilipoanguka, mahali pake palikuwa na mlango. Ulikuwa na rangi ileile ya milango mingine, na bawaba zenye kutu ya miaka, na kitasa kilichong'aa upande mmoja kwa kushikwashikwa, kana kwamba mtu amekuwa akiingia na kutoka humo tangu nyumba ijengwe, na kwenye upenyo wa chini kivuli cha miguu miwili kilisimama kikielekea korido, hakisogei, na wao watatu wakasimama wakikielekea, nao hawasogei, mpaka Mama akasema kwa sauti ndogo:

"Yule mthamini, siku ile, aliniuliza kama mzee wa chumba cha mwisho anaumwa. Kwamba hakuitikia salamu. Nilidhani anakusema wewe."

"Mimi nilikuwa nje, juu ya tangi la maji," Baba akanong'ona.

Hawakukimbia. Wangekimbilia wapi, na nyumba iko rehani? Baada ya siku tatu hofu ikapungua. Baada ya kumi ikaisha, na Digrii akagundua kwamba haikuondoka peke yake, ilikwenda na furaha na maumivu ya wazazi wake. Kodi ya kwanza ya kifleti iliingia. Baba akausoma ujumbe, akarudisha simu mfukoni kama mtu aliyeangalia saa. Mama akashona kidole. Sindano ilipita kwenye ukucha ikatokea chini, naye akaendelea kukanyaga cherehani, damu ikitambaa kwenye kola nyeupe.

"Mama, kidole."

"Nimekiona," Mama akasema. "Sikisikii."

Digrii alimfunga kitambaa kwa hasira. Hasira ilikuwa mali yake pekee, na kuipata hakukuhitaji uzoefu wa miaka mitano. Ndiyo iliyompeleka kumleta mganga.

Mganga alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kusomea. Hakutaka kuku, hakutaka damu. Alitaka ripoti. Akaisoma yote akilamba kidole kila ukurasa.

"Jini la kuvamia nalitoa," alisema. "Hili halikuvamia. Mmelipatia chumba, mkalitilia saini. Kilichoongezwa kwa futi kitaondolewa kwa futi. Aje mpimaji mwingine, ahesabu, iandikwe vitatu." Kisha akamtazama Digrii juu ya miwani. "Wewe jina lako halimo humu."

"Afadhali," Digrii akasema.

Baba alijua kwamba vikirudi vitatu, kifleti kimekwenda. Aliutazama mkono wa Mama kwa muda mrefu.

"Wakichukue," alisema, kama anayesema mvua itanyesha.

Mthamini wa pili alikuwa mwanamke mwenye haraka zake. Aliingia peke yake. Digrii alisimama uani na wazazi, akihesabu kwa vidole. Krrrr, tap. Krrrr, tap. Krrrr, tap. Kisha kimya.

"Vitatu," mwanamke akasema, akitoka. "Huyo aliyehesabu vinne alikunywa nini?"

Digrii akakimbilia ndani kuangalia ukuta.

Mlango wa mwisho ulikuwepo, umeachwa wazi kidogo. Harufu ya plasta ilikuwa imekauka. Chumba cha wazazi kilikuwepo. Chumba cha cherehani kilikuwepo. Kati yao, palipokuwa na mlango wake, na nyuma ya mlango kitanda chake na boksi la vyeti vyake, palikuwa na ukuta laini. Kalenda ilitundikwa hapo.

Jikoni Mama alikuwa anapakua. Sahani tatu. Digrii akashusha pumzi. Mama akaichukua moja, ya moto, kwa mikono mitupu, akaenda nayo hadi mlango wa mwisho, akaiweka chini kwa adabu, kama anayemwekea baba mkwe.

"Mama," Digrii akaita.

Mama akageukia sauti ilikotoka. Macho yake yalipita juu ya Digrii, yakafika ukutani, yakarudi.

"Ni mabomba," Baba akasema, akianza kula.

Digrii akasimama koridoni, akasubiri hasira ije. Haikuja.