Zimamoto na Taa za Jirani

Zimamoto alikuwa mtu wa kunusa. Akiingia nyumbani, kabla ya salamu, alinusa jikoni kwanza. Pasi ikisahauliwa kwenye umeme, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kujua. Kazini alizima moto, na nyumbani alizima kila kitu, hata taa ya bafuni mtu akiwa bado anaoga. Mlangoni aliweka ndoo ya mchanga. "Mimi nimeolewa na ndoo," mkewe alizoea kusema.

Mke huyo alikuwa muuguzi. Wote wawili walifanya kazi kwa zamu, kwa hiyo binti yao mdogo alipotoka shule, mara nyingi alikuta mlango umefungwa. Hakuwa na shaka. Alivuka ujia mpaka kwa Fundi, jirani yao wa kike aliyeshona nguo, akala huko na kuandika kazi zake za shule. Ufunguo wa akiba ulining'inia kwenye msumari, juu ya cherehani ya Fundi. Fundi aliishi na mama mkwe wake, na ujirani wao ulikuwa mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Fundi alikuwa Mhindu, wao walikuwa Wakristo, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake anasherehekea nini.

Jioni moja Zimamoto alirudi kutoka kazini. Alipofika juu ya ngazi, akanusa mafuta yanayoungua. Akatazama kwa Fundi. Vitaa vidogo vya udongo vilikuwa vimepangwa mlangoni, vinawaka, wala hapakuwa na mtu. Kimoja kilikuwa karibu na pazia. Mbele yake, sakafuni, kulikuwa na unga wa rangi nyingi.

Hakubisha hodi. Hakuita. Moto wa mafuta haumwagiwi maji, hilo alilijua hata usingizini. Alichukua ndoo yake, akamwaga mchanga mlango mzima. Giza likaingia.

Mlango ukafunguliwa. Fundi alikuwa amevaa nguo mpya. Nyuma yake mama mkwe alishika sinia la vitamu.

"Msijali," alisema Zimamoto, akipangusa mikono. "Nimewahi."

Mama mkwe alitazama sakafu. Fundi alifunga mlango polepole.

Baadaye kidogo alikuja kwa muuguzi, akamwekea ufunguo kiganjani. "Dada, tafuteni mahali pengine pa kuuweka."

Muuguzi alimgeukia mumewe. "Umewafanya nini?"

"Nimewaokoa."

"Kama umewaokoa, mbona wamekasirika? Na kesho mtoto atakaa wapi?"

Zimamoto alikwenda kulala. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

Asubuhi kituoni alimsimulia dereva wa gari la zimamoto, ambaye pia alikuwa Mhindu. Alitegemea sifa. Dereva akauliza, "Ule unga ulikuwa umechorwa maua?"

"Sikutazama."

"Bwana we! Umefukia Diwali ya watu!"

"Diwali ndiyo nini?"

"Sikukuu yetu ya taa. Tunawasha taa kukumbuka kwamba nuru inashinda giza. Tunaziweka mlangoni ili heri iingie. Yale maua ya unga ni ya kukaribishia. Mtu huchuchumaa saa nyingi kuyachora."

Zimamoto alikuna kichwa. "Ningejuaje? Mimi si wa dini yenu."

"Mkuu wetu hapa ni Mwislamu. Mwezi wa Ramadhani humpelekei chai mchana. Ulijuaje?"

"Nilimuuliza."

"Basi. Kuuliza si ujinga. Wewe ungependa mtu aingie kanisani kwenu mkesha wa Pasaka, azime mishumaa, halafu aseme amewaokoa?"

Zimamoto aliona aibu. Aibu yenyewe ilimkaa kifuani mpaka mwisho wa zamu.

"Sasa nifanye nini?"

"Sikukuu haijaisha. Leo watawasha tena. Nenda ukaombe radhi."

Jioni alivuka ujia na ufagio mkononi. Mkewe na binti yao walimfuata. Mchanga ulikuwa umerundikwa kando ya ukuta, umechanganyika na rangi.

"Hodi jirani."

Fundi alitokeza. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema.

"Kweli, dada. Lakini huu ni mchanga."

Fundi aliuma mdomo asicheke. Zimamoto alizoa mchanga wote, kisha akasimama mbele ya mama mkwe.

"Mama, naomba radhi. Nilidhani ni ajali. Nilipaswa kugonga mlango na kuuliza."

"Maua yale yalinichukua tangu asubuhi," alijibu mama. "Magoti yangu hayawezi tena."

"Yangu yanaweza. Nielekeze."

Basi Zimamoto akachuchumaa. Mama alikaa kwenye kiti, akaelekeza kwa fimbo. Rangi ilimshinda mtu yule mkubwa.

"Hilo ni ua," aliuliza mama, "au tairi?"

Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Hata Fundi alishindwa kujizuia.

Taa zilipopangwa, Zimamoto aliinua kidole. "Naomba kuuliza. Je, kuna ubaya pazia likifungwa fundo? Na ndoo ikikaa karibu?"

"Hakuna ubaya," alisema Fundi. "Mwaka jana liliungua pindo. Ungesema tu."

Mama alimpa Zimamoto kiberiti. "Washa wewe."

Zimamoto alichomoa njiti. Alikuwa hajazoea kazi hiyo. Akawasha ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Njiti ilikuwa bado inawaka vidoleni. Akamtazama mama.

"Na hii je, nizime?"

"Hiyo zima, mwanangu."

Walipomaliza kucheka, Fundi alimgeukia muuguzi. "Dada, msumari wangu umekaa mtupu. Ufunguo uko wapi?"

Muuguzi alikuwa nao mfukoni tangu jana.