Mstari Mmoja wa Gilang

"Kontena linatoka adhuhuri," mkuu alisema kwenye simu. "Limejaa mabomu. Mashine ya bandari italiachia lipite bila kukaguliwa. Mtafute aliyeifundisha."

"Akiwa hai?"

"Shauri yako."

Rehulina Sembiring, jasusi wa Jakarta, alikata simu. Bastola yake ya Pindad ilikuwa kiunoni, naye alikuwa mlangoni mwa kampuni ya kisiwani Batam inayoandika programu ya bandari. Wiki ile walikuwa wameokota maiti ya mwenzake Haposan kwenye mikoko, haina vidole. Huruma aliiacha hukohuko.

Meneja aliapa kwamba hakuna kilichobadilika jana. Labda Gilang Prasojo tu, yule mpole wa meza ya dirishani, aliyefanya usafi wa faili za programu. Aliandika skripti, yaani programu fupi, ikapita kwenye maelfu ya faili kwa mkupuo mmoja na kupanga upya nafasi iliyo mwanzoni mwa kila mstari. Kwa hiyo kila mstari ulionyesha umeguswa. Nani angesoma yote? Wenzake waliidhinisha huku wanatafuna ndizi za kukaanga.

Wajinga watupu. Watu hawa ukiwaambia umefanya usafi tu, wanakuamini.

Rehulina akafungua kompyuta yake ya ThinkPad. Akachukua faili za juzi, akazipitishia skripti ileile ya Gilang, halafu akazilinganisha na za leo. Kama kijana alipanga nafasi tu, zote zilipaswa kufanana.

Zilifanana.

Kasoro mstari mmoja. Uliiamuru mashine isilikague kontena lile.

Gilang akachomoka mbio. Alifika ngazini tu. Rehulina akamkanyaga mgongoni, akamvunja kidole kimoja, kisha akamrudisha kitini.

"Urekebishe mstari huo. Kwa mkono wako, kwa jina lako."

"Dada, Tigor ataona."

Tigor ndiye mkubwa wa magendo, mwenye kontena lile. Ufunguo wa kuingia kwenye programu na kutazama kila badiliko alipewa na Gilang mwenyewe, apate kujihakikishia kwamba kazi imefanyika.

"Najua," Rehulina alisema.

Gilang alichapa huku analia. Mstari ukafutika, na jina lake likajiandika kando ya badiliko. Bandarini mashine ikapiga kelele. Muda mfupi baadaye mkuu alipiga simu kusema wanajeshi wamelizingira kontena.

Gilang akanyoosha mikono yote miwili.

"Nifunge pingu, dada. Nipeleke jela, nakuomba."

"Kwa kosa gani, kaka? Si umetusaidia."

"Wataniua."

"Haposan naye aliwaomba."

Akamwambia meneja awatoe wafanyakazi wote kwa mlango wa nyuma, isipokuwa Gilang. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akashuka taratibu.

Langoni zilisimama pikipiki mbili za Kawasaki, injini zinanguruma. Wanaume wanne walishuka, wakampita bila kumtazama, wakapanda ngazi.

Ng'ambo ya barabara Rehulina aliagiza kahawa bila sukari. Akakaa ameligeuzia lango mgongo, akainywa yote.