Kosa la Fimbo, Lawama kwa Mama Acen

Abalo, au Mama Acen kama majirani wa mtaa wa Bwaise wanavyomwita, huamka kabla ya jua. Hufunga chapati, huchukua fimbo za kuvulia, kisha yeye na mume wake Okidi hupanda boda kwenda mwaloni Ggaba, boti zinakotia nanga ziwani. Okidi, polisi mstaafu, huendesha boti. Abalo hushughulika na fimbo na wageni. Wageni hao huja kuvua sangara kwa kuburuta: boti inakwenda polepole, chambo kinafuata nyuma majini.

Mwezi mmoja sangara wakubwa walikula chambo, lakini hakuna hata mmoja aliyefika botini. Mara uzi ulikatika. Mara fimbo ilivunjika mikononi mwa mgeni. Na nani alilaumiwa? Abalo!

"Mimi nilisema," alifoka Odyek, mwenye boti. "Mwanamke akiingia kwa boti, samaki anakimbia. Jumamosi wageni wakikosa tena, nyabo, utabaki hapa nchi kavu. Kiti chako nampa ndugu yangu."

"Samaki anajuaje mimi ni mwanamke?" Abalo alimjibu. "Ameona gauni langu la gomesi?"

Watu walicheka. Odyek hakucheka. Okidi naye alinyamaza kimya, na hilo ndilo lililomuuma Abalo zaidi.

Jioni alizitupa fimbo barazani kwa hasira. Jirani yao Ambroise, Mkongo aliyefanya kazi miaka mingi kwenye boti za watalii, akaja kuziangalia.

"Mama Acen, nani alikuuzia hizi?"

"Mwenye duka mjini. Alisema zinafaa kila kazi."

"Alikudanganya! Hii ni ya kurusha chambo ukiwa umesimama ufukweni. Ni ndefu na nyembamba. Na rili yake, hiki kigurudumu cha kukunjia uzi, ni ndogo, inabeba uzi kidogo. Sangara mkubwa akikimbia, uzi unaisha."

"Sasa ya kuburuta ikoje?"

"Fimbo iwe fupi kidogo, nene huku chini, na ncha inayopinda. Soma maandishi yake, yanasema inabeba uzi wa nguvu gani. Ilingane na uzi wako. Rili iwe ile yenye umbo la ngoma. Inakaa juu ya fimbo, inabeba uzi mwingi, na breki yake inaachia uzi taratibu."

Ambroise alijaribu kuvuta uzi. Haukutoka hata kidogo.

"Na nani alikaza breki hivi?"

"Mimi," alisema Okidi. "Askari haachii mtu aliyekamatwa."

Abalo alimgeukia. "Kumbe ni wewe! Mwezi mzima natukanwa mbele yako, na wewe kimya!"

Okidi alikuna kichwa. "Nisamehe, Mama Acen. Sikujua."

"Samaki si mwizi, Afande," alisema Ambroise. "Mwache akimbie, achoke. Ukimzuia, uzi unakatika."

Aliomba mizani ya kuning'iniza, ile wanayotumia wanunuzi wa samaki. Abalo alishika fimbo, Ambroise akafunga uzi kwenye ndoano ya mizani, akavuta.

"Uzi wako unabeba kilo ishirini. Breki ianze kuachia mizani ikifika kilo tano. Usiikaze zaidi ya hapo."

Kesho yake Abalo alirudi dukani. Mwenye duka alijifanya hamjui. Basi Abalo akaketi mlangoni, fimbo iliyovunjika mapajani, akamweleza kila mteja aliyepita jinsi alivyodanganywa. Haikuchukua muda, akabadilishiwa fimbo na rili zote. Nyumbani akazipima breki kwa mizani.

Jumamosi Odyek mwenyewe aliingia botini. Akakaa kwenye kiti cha Abalo bila hata kuomba. Abalo akabaki amesimama kando ya fimbo.

Walipofika mbali ziwani, fimbo ilipinda ghafla. Rili ikalia, uzi ukatoka mbio. Whitney, mgeni kutoka Nairobi, aliishika fimbo kwa nguvu.

"Kaza breki!" Odyek alipiga kelele. "Kaza!"

"Usiguse!" alisema Abalo. "Mwache akimbie. Okidi, punguza mwendo."

Sangara alikimbia, akapumzika, akakimbia tena. Kila alipopumzika, Whitney alizungusha rili. Mwishowe samaki akachoka, wakamwingiza botini. Alikuwa mrefu kama benchi.

Odyek alimtazama samaki, kisha Abalo. "Leo una bahati, nyabo."

"Bahati gani? Mimi ni mwanamke yule yule," alisema Abalo. "Tumebadilisha fimbo, rili na breki. Mlinitukana bure. Sasa toka kwenye kiti changu."

Odyek akainuka.