Kondoo Nyuma ya Geti

Kila Jumatano asubuhi Enid Horsfall alikaa kwenye buti la gari lake, akanywa chai ya chupa, akavaa viatu vya mlimani, kisha akahesabu vichwa. Kundi la watembeaji wa Keldrigg lilikuwa na kiongozi wa mbele na mtu wa mkia, na Enid alikuwa mkia kwa mwaka wa sita. Mtu wa mkia hutembea nyuma ya wote, huangalia asibaki mtu njiani akifunga kamba za viatu, na hufunga kila geti ambalo wenzake wameshapita. Kazi hiyo ilimfaa. Anayetembea nyuma haombwi kuzungumza.

Jumatano hiyo ya Aprili hesabu ilikataa. Akarudia, ikakataa tena. Aliyekosekana alikuwa kiongozi mwenyewe, Desmond Raine.

Desmond alikuwa na desturi ya kupanda peke yake mapema kuikagua njia, kisha kushuka saa nne kuwachukua wenzake. Sasa ilikuwa saa nne na nusu. Hilary Bracewell, msaidizi wake, alisema bila shaka ameona kibao kilichopinda na amekaa chini kuilalamikia halmashauri. Watu wakacheka. Juma lililopita Desmond alikuwa amewaahidi kwamba Jumatano atawaonyesha kitu kitakachowashangaza, kwa hiyo wengine walidhani wameanza kuchezewa.

Norris Peel hakucheka. Norris, katibu wa kundi, alikuwa ameegemea ukuta wa maegesho akikwangua udongo mweusi kwenye nyayo za viatu vyake kwa kijiti. Alikuwa mkia kabla ya Enid, kwa miaka kumi na miwili, mpaka goti lake lilipoanza kumsumbua. Alisema ni heri wapande wakamtafute mtu wao.

Wakapanda. Mvua ya usiku ilikuwa imekoma lakini nyasi zilikuwa bado zinatiririka maji. Asubuhi Enid alipopita darajani kwa gari alikuwa ameuona mto umejaa, maji yana rangi ya chai ya maziwa, na yale mawe ambayo watu huyakanyaga kuvuka yamezama yote. Alifurahi kwamba njia ya leo ilikuwa ya juu.

Kwenye geti la shamba la Alban Thwaite walikuta kelele. Kondoo majike na watoto wao walikuwa wamebanana upande wa juu wa geti, wanalia, wanasukumana vifua kwenye mbao. Hilary akafungua, akawarudisha kondoo nyuma kwa fimbo, watembeaji wakapita. Enid akafunga nyuma yao. Kwenye nguzo aliona kamba ya bluu, ile ya kufungia marobota ya nyasi, imeviringishwa vizuri kama soksi na kutundikwa kwenye msumari.

Desmond alikuwa mwisho wa uwanja huo, chini ya ukuta wa mawe. Alilala kifudifudi. Jiwe lililokuwa karibu na kichwa chake lilionyesha wazi lilichofanya. Hilary alipiga magoti, akamgusa shingoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amepoa. Kisha akaenda pembeni kutapika.

Enid alisimama nyuma ya wote kama kawaida yake, na kwa kuwa hakutaka kumtazama Desmond, aliutazama ukuta. Ulikuwa umebomolewa sehemu moja, upana wa mabega ya mtu. Mawe yaliyoanguka hapo yalikuwa safi, hayana yale madoa meupe ya kuvu yaliyojaa kwenye ukuta mwingine wote. Kila upande wa tundu lilisimama jiwe refu, la zamani, lililolainika ubavuni. Kupitia tundu hilo ulionekana mti mchanga wa tufaha na benchi jipya. Hiyo ilikuwa bustani ya Norris, ambaye mwaka juzi alinunua banda la zamani la kondoo na kuligeuza kuwa nyumba.

*

Sajini Ruth Calvert alifika saa sita kasorobo, akaomba jiko la Alban kuwa ofisi yake. Enid, aliyeshuka kwenda kupiga simu, aliambiwa abaki apike chai. Wengine walingoja juu chini ya macho ya askari.

Alban aliingia na mikono yenye rangi ya dawa ya kondoo hadi viwikoni. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache na hayo machache hayakuwa matamu. Wiki iliyopita, mbele ya kundi zima, alikuwa amemwambia Desmond kwamba akiendelea kuchezea kuta za watu kutafuta njia za zamani, siku moja atashushwa mlimani amebebwa. Sasa Desmond alikuwa ameshushwa amebebwa, na kila mmoja aliyehojiwa alianza na maneno hayo.

Alisema tangu alfajiri alikuwa bandani na kondoo aliyekuwa akizaa kwa shida. Hakuna aliyemwona ila kondoo.

“Na ukuta?” Sajini aliuliza. “Ulimkuta anaubomoa?”

“Sikumkuta. Ningemkuta ningemtukana, halafu ningemrudishia mawe ayapange.”

“Ulipita kwenye lile geti leo?”

“Alfajiri. Nikaliacha wazi, nimelifunga kwa kamba lisirudi. Hori la juu limepasuliwa na baridi, halishiki maji. Kondoo lazima washuke kunywa huku.”

Sajini aliweka kikombe chini taratibu. “Bwana Thwaite, kundi zima limelikuta geti limefungwa.”

“Basi kalifunga mwingine.”

“Nani afunge geti lako, na kwa nini?”

 Alban alitazama dirishani kuelekea bandani, ambako majike zaidi ya ishirini walikuwa hawajazaa. Sajini alimwambia avae koti, ataongozana naye mjini. Aliuliza kama kuna jirani wa kuangalia mifugo. Alban akasema jirani yake wa karibu ni Norris Peel, na Norris hajui kondoo anazaa upande gani.

Ulikuwa utani, lakini hakuna aliyecheka. Enid alijua maana ya usiku mmoja bila Alban katika wiki hii. Kesho yake watoto wa kondoo wangekuwa wamelala kwenye nyasi za bandani, wamekufa, wamekauka.

Alban alipotoka kuchukua koti, Enid alijikuta anasimama mbele ya Sajini na birika mkononi.

“Hajadanganya,” alisema. “Niliwaona kondoo. Walikuwa na kiu. Mfugaji hawezi kuwafungia maji kondoo wanaonyonyesha, hata akiwa ameua mtu. Na ile kamba, angeikata kwa kisu akaitia mfukoni. Mifuko yake imejaa vipande vya kamba, waulize watu. Aliyefunga lile geti aliviringisha kamba akaitundika.”

“Mtembeaji, basi. Nasikia mmefundishwa kufunga mageti.”

“Tumefundishwa kuyaacha tulivyoyakuta. Lakini watu wa mbele hawafungi geti, Sajini. Wanajua kuna mtu nyuma. Hilary, miaka yote hii, hajawahi kufunga hata moja. Siku aliyotembea peke yake aliacha ng’ombe wa watu wakafika kanisani. Mkia hajui geti lilikutwaje. Akilikuta wazi, anajua wenzake wamemwachia yeye. Mkono unafunga wenyewe. Mjini nafunga hata mlango wa duka la watu.”

Sajini alichukua kalamu. “Kundi lenu limewahi kuwa na mikia mingapi?”

“Wawili. Mimi na Norris.”

“Na wewe asubuhi ulikuwa wapi?”

“Nyumbani. Hakuna aliyeniona,” Enid alisema, akawa mwekundu.

Sajini akacheka kidogo, mara yake ya kwanza siku hiyo. Akafungua maelezo ya watu, akasoma kwamba Bwana Peel alishuka kutoka nyumbani kwake kwa njia ya mtoni, akavuka kwenye mawe kama kila Jumatano, akafika maegesho saa nne kasoro dakika chache. Enid aliweka birika mezani. Akaeleza jinsi mto ulivyokuwa asubuhi. Mtu aliyevuka hapo angelowa hadi mapajani, na Norris alifika suruali yake ikiwa kavu, anakwangua udongo mweusi. Mtoni hakuna udongo mweusi. Upo huko juu tu.

*

Saa nane Sajini aliagiza watu washuke mmoja mmoja kusaini maelezo yao. Kabla ya hapo Enid alikuwa amepanda hadi kwenye geti, akalivuta wazi, akalifunga kwa ile kamba ya bluu kama Alban alivyofanya. Kondoo walimpita mbio kwenda kunywa. Kisha akasimama dirishani mwa jiko pamoja na Sajini. Alban alikuwa mezani na koti lake limemkaa mapajani.

Hilary alishuka wa kwanza, akapita getini bila hata kugeuza shingo. Waliomfuata walipita vivyo hivyo, wengine wakiongea, wengine wakifuta pua.

Norris alikuja wa mwisho, akichechemea kidogo. Akapita geti. Uso wake ulikuwa umeelekea bondeni na haukugeuka, lakini mkono wake wa kushoto ulirudi nyuma, ukafungua fundo, ukaizungusha kamba vidoleni, ukaitundika kwenye msumari. Akalivuta geti, akalisukuma mara mbili kuhakikisha limeshika, akaendelea kushuka.

Alipoingia jikoni Sajini alimkaribisha kiti na kumwuliza kwa upole kwa nini amefunga geti.

“Geti gani?”

“Hilo ulilopita sasa hivi. Lilikuwa wazi.”

Norris alitazama dirishani. Kondoo mmoja aliyebaki upande wa juu alikuwa ameanza kulia.

“Sikumbuki kulifunga,” alisema.

“Nakuamini. Hata asubuhi hukukumbuka. Ulivuka mto kwenye mawe?”

“Kama nilivyosema.”

“Mawe yalikuwa yamezama, Bwana Peel. Nawe ulifika suruali yako ikiwa kavu, na viatu vyako tayari vina udongo wa juu kabla kundi halijapanda.”

 Norris alimtazama Enid, si kwa chuki, bali kama mtu anayemtafuta rafiki kwenye kituo cha treni.

“Lile tundu ukutani, Norris,” Enid alisema kwa sauti ndogo. “Yale mawe mawili marefu. Ni mlango wa zamani wa watu kupita kwa ubavu. Uliuziba wewe. Ulipanga vizuri, lakini mawe yako hayajaota kuvu.”

“Umepanga vizuri kweli,” Alban alisema kutoka mezani. “Nilidhani ni kazi ya baba yangu.”

Basi Norris akaeleza, na alieleza kwa mpangilio, kama alivyokuwa akisoma kumbukumbu za mikutano. Njia ya kale ilipita katikati ya bustani yake. Haikuwa kwenye ramani yoyote, na aliigundua baada ya kununua. Maisha yake yote alikuwa amewaandama wenye mashamba waliofunga njia za watu. Aliwahi kumfikisha mzee mmoja mahakamani kwa sababu ya waya mmoja. Angeweza kusema, na watu wangepita kwenye bustani yake, wakamwona amekaa na chai yake, wakampungia mkono. Hakutaka kupungiwa mkono. Alitaka, mara moja maishani, ukuta. Akauziba ule mlango usiku baada ya usiku.

Asubuhi hiyo alisikia mawe yakianguka, akatoka, akamkuta Desmond upande wa pili anayatoa moja moja, amefurahi kama mtoto. Desmond hakujua ni nani aliyeziba. Alidhani ni Alban. Alisema watafungua njia hii leo mbele ya wote, na yeye Norris, mtetezi wa njia, apite wa kwanza. Norris akamwomba ayarudishe mawe. Alimwomba mara tatu. Hapo Desmond akaanza kuelewa, akaanza kucheka.

“Hakucheka vibaya,” Norris alisema. “Angewasimulia tu. Kila Jumatano, miaka yote iliyobaki, angewasimulia.”

Akaokota jiwe, akampiga, kisha akapita kwenye tundu, akashuka kwa njia ya geti kwa sababu ndiyo njia fupi ya kufika maegesho kabla ya kuhesabiwa.

Sajini akamsimamisha. Mlangoni Norris alipita, akasita, mkono wake ukaenda kwenye kitasa. Kisha akauondoa na kuuacha mlango wazi.

*

Watembeaji wengine waliondoka. Hilary alimshika Enid bega, akamwambia kwamba mtu anayejua kusema hivyo asingoje tena miaka sita. Enid alibaki kuosha vikombe, kisha akapanda kulifungua geti, maana kondoo yule mmoja alikuwa bado analia.

Alban alimfuata. Alisimama upande wa pili wa ukuta, mahali pake pa kila Jumatano. Miaka yote sita, kundi likishapita na Enid akabaki getini peke yake, Alban alikuwa akimwambia maneno mawili kutoka hapo: funga vizuri. Naye alijibu kwamba amefunga, akaharakisha kuwafuata wenzake. Enid aliamini kuwa mzee huyu hamwamini.

Alifunga geti wazi kwa kamba. Kondoo akapita.

“Bi Enid,” Alban alisema. Alikuwa amevua kofia, hana pa kuiweka. “Mimi kila wiki nakuambia funga vizuri.”

“Nafunga, Bwana Thwaite.”

“Najua unafunga. Sijawahi kuona anayefunga kama wewe. Nilichokuwa nataka kusema ni usiende.”