Neno Lililotoka Dunguni

Pikipiki ilikwisha kulipita lango la shule ya Mkongo. Mzee Gharibu ndiye aliyeendesha, na binti yake Sabra kabanwa katikati ya mgongo wa baba na godoro lililofungwa kwa mpira.

Maulida, msichana wa darasa moja na Sabra, aliwaona kutoka juu ya dungu, kile kibanda cha miti katikati ya shamba la mpunga alikopanda kila alfajiri kuamia ndege kabla ya shule. Debe analo mkononi, asilipige. Ndege wakashuka, wakala watakavyo.

Alijua safari ile inaishia Maparoni, kwa bibi yake Sabra, na kwamba hakuna kurudi darasani. Sababu aliijua pia.

Wiki mbili nyuma, Sabra alishushwa njiani na mjomba wake Saadi, dereva wa bodaboda Ikwiriri, miguuni ana viatu vipya vya shule. Vya Maulida vilishikwa na kamba ya katani. Moyo ukamchoma, akapaza sauti kutoka dunguni:

"Oyaa! Mzigo wa bodaboda huoo! Shangingi la Mkongo limeshuka!"

Maneno hayo aliyaokota kijiweni Ikwiriri. Na bondeni, ukipiga kelele dunguni, dungu la jirani huipokea ili ndege wasitue popote. Watoto wakalipokea na hilo, dungu kwa dungu, mpaka ukingo wa mto. Kufika jioni, Sabra hakuwa Sabra tena. Kisimani "Mzigo", sokoni "Shangingi". Mzee Gharibu akaambiwa bintiye anabebwa na madereva. Alipouliza nani kaanza, watoto wote walitazama chini. Maulida naye.

"We Maulida! Mpunga unaisha, umelala?" Mama yake, Mwanamina, alikuwa anapanda ngazi ya dungu.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Lile jina la Sabra. Mimi ndiye niliyeanza. Na nilijua yule ni mjomba'ke."

Mwanamina akakaa chini kwa uzito, kama aliyesukumwa. "Hebu nitajie yote uliyoyaokota huko."

"Mzigo. Kifaa. Chombo. Shangingi."

"Mzigo unabebwa. Kifaa kinatumika, chombo vilevile. Shangingi mara gari kubwa, mara mwanamke, kipi kilitangulia sijui. Hapo umesikia jina la mtu? Wanaotuita hivyo wanatuona vitu, mwanangu. Na kitu hakiulizwi kinataka kwenda wapi. Sabra kaulizwa?"

"Hakuulizwa."

"Mimi nilikuwa nauza ufuta Ikwiriri. Waliniita hivyohivyo mpaka nikaacha. Leo nimemzaa wa kuwasaidia."

Maulida alilia. Mama hakumbembeleza.

Mzee Gharibu aliporudi siku ya tatu, Maulida na mama yake walimkuta barazani. Maulida alisema yote, hata habari ya viatu.

"Mbona hukusema nilipouliza?"

"Niliogopa, mzee."

"Na mimi niliogopa," akasema mzee. "Niliogopa midomo ya watu, nikamhukumu mwanangu."

Kesho yake alirudi Maparoni kumchukua. Akarudi peke yake. Sabra alimwambia, "Baba, nirudi huko nikaitwe nani?"

"Sikia, Maulida," Mwanamina alisema usiku ule. "Ndege ukimpigia debe anaondoka. Neno haliondoki. Kabla hujamwita mwenzio jina, jiulize kama wewe ungeliitika. Na ukikosea, sema siku ileile. Ukweli wako umemsafisha Sabra, lakini umemkuta keshaondoka."

Sabra hakufanya mtihani wa darasa la saba. Yuko Maparoni, anaamia mpunga wa bibi yake. Maulida alifaulu, yuko sekondari Ikwiriri, na kijiweni hapiti. Saadi habebi mpwa wake yeyote. Vile viatu vipya vya Sabra, Mzee Gharibu kaviweka juu ya kabati, havijapata mguu mwingine. Na msimu uliopita watoto wadogo walisikika madunguni wakipokezana, "Shangingi la Mkongo!" Walipoulizwa ni nani huyo, hawakumjua.