Uji Ambao Edith Hakuunywa

Kila mchana Edith alipotoka shule, alipitia kiwanda cha unga cha Malangali kumpelekea mama yake chakula. Ndani ya banda la mabati mashine ilinguruma, na uani wanawake walikaa juu ya maturubai wakichambua mahindi. Albina, mama yake Edith, alikuwa mmoja wao. Punje nzima zilikwenda upande wa kusagwa, na zilizoota ukungu ziliwekwa kando kwa ajili ya nguruwe.

Mwaka huo mvua ilichelewa kukatika. Watu wa Ufipa walivuna mahindi yakiwa bado na unyevu, yakarundikwa, yakaota ukungu wa kijani. Basi lundo la nguruwe likawa kubwa kuliko la watu, na hilo halikumfurahisha Theodory, msimamizi wa kiwanda. Aliamuru mahindi mabovu yaoshwe, yaanikwe, kisha yachanganywe na mazima.

"Jua la huku linaua kila kitu," alisema. "Yakikauka ni mahindi kama mengine."

Wanawake walitazamana. Hata baada ya kuanikwa, mahindi yale yalinuka uvundo, na kila mmoja aliusikia. Lakini nani wa kusema? Mwaka uliopita mpakiaji mmoja, Cleophas, alikwenda kumweleza mwenye kiwanda kwamba Theodory anawapunja wakulima kwenye mizani. Jioni ileile Cleophas alifukuzwa. Tangu hapo, pale kiwandani ukimya ulikuwa mboga. Watu waliula na ugali.

"Mama, unga huu unakwenda wapi?" Edith aliuliza.

"Madukani. Na shuleni kwenu." Albina alishusha sauti. "Wewe uji wa shule usinywe. Na usimwambie mtu, mwanangu. Nikifukuzwa tutakula nini?"

Edith alitii. Wakati wa mapumziko alipokea kikombe chake, akakishika tu. Sharon, rafiki yake wa darasa la saba aliyekaa naye dawati moja, hakuwa mtu wa kuacha uji upoe.

"Mshikaji, hunywi? Leta huku basi!"

Edith alimpa. Kesho yake akampa tena, ikawa ndiyo desturi yao. Aibu ilimsumbua, lakini hofu ya kumponza mama yake ilimzidi nguvu.

Siku chache kabla ya mtihani wa mwisho, Sharon alianza kutapika. Macho yake yakawa ya manjano, akalazwa hospitali. Wanafunzi wengine nao walilalamika tumbo. Jioni hiyo Edith alishindwa kula.

"Mama, uji wangu nilikuwa nampa Sharon."

Albina aliacha kusonga ugali. "Wote?"

"Wote. Kila siku."

Mama aliketi kwenye kigoda na kujishika kichwa. Hakumgombeza mtoto. Aliyestahili kugombezwa alimjua, naye alikuwa yeye mwenyewe.

Asubuhi hakwenda kazini. Alimchukua Edith hadi nyumbani kwa mwenye kiwanda, Mzee Fanueli, mfanyabiashara aliyehamia hapo kutoka Mbeya na ambaye alifika kiwandani kwa nadra.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna nini mapema hivi?"

Albina alieleza yote bila kujitetea. "Ukitaka kunifukuza, nifukuze," alimalizia, "lakini kwanza zuia ule unga."

Mzee Fanueli alikwenda naye kiwandani, akaamuru magunia yafunguliwe. Uvundo ulimpokea. Alizima mashine, akapiga simu shuleni uji usitishwe, kisha akawaita maofisa wa afya. Vipimo vilionyesha sumukuvu, sumu ya ukungu ambayo haiondoki kwa kuoshwa wala kuanikwa. Theodory alichukuliwa na polisi. Unga uliokuwa madukani ulirudishwa ukateketezwa, na kiwanda kikafungwa. Wenzake Albina, waliobaki bila kazi, wakaacha kuitikia salamu zake.

Kiwanda kilipofunguliwa tena, Mzee Fanueli aliwakusanya wafanyakazi wote. Cleophas pia alikuwapo, maana alikuwa amerudishwa kazini.

"Cleophas aliniambia ukweli, nami nikamsikiliza msimamizi peke yake," alisema mzee. "Siku ile niliwafundisha nyote kunyamaza. Kosa hilo ni langu. Kuanzia leo, anayeona jambo baya aje kwangu moja kwa moja. Hakuna atakayepoteza kazi kwa kusema kweli."

Makofi yalikuwa machache. Watu walioumwa na nyoka hawakimbilii kushika kamba.

Siku hiyo Albina na Edith walikwenda hospitali. Sharon alikuwa anapata nafuu, lakini amekonda sana, na mtihani ulikuwa umempita. Alimtazama Edith.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua," Edith alijibu.

Sharon aligeukia ukutani.

Walipotoka nje, Edith aliangua kilio. Mama yake alimshika mkono.

"Lia, mwanangu, lakini unisikilize. Aliyeona shimo akalizunguka kimya, ana sehemu yake ya lawama kwa anayetumbukia. Kujiokoa peke yako si kuwa mwema. Baya ukiliona, liseme mapema, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilikufundisha kulizunguka shimo, na kwa hilo naomba unisamehe."

"Na Sharon je, mama?"

"Kesho tutarudi kumwomba radhi. Na akitugeuzia mgongo, tutarudi tena kesho kutwa."