Mpira Mmoja, Sidii Tatu

Kila asubuhi Mwanaharusi alimsaidia mama mkwe wake, Bi Raya, kuoga. Kisha alimkalisha uani, kwenye kiti, ndipo akaanza kuchambua maharage. Malaria kali ilikuwa imemlaza Bi Raya wiki tano. Homa iliisha, lakini miguu ilibaki haina nguvu. Kusimama tu kulihitaji ashikwe mkono.

"Mfanyisheni mazoezi," daktari aliwaambia. Wao walirudi nyumbani bila kuuliza ni mazoezi gani.

Ulikuwa mwaka 2006. Wakimbizi wa kambi ya Lukole walikuwa wakirudi kwao Burundi, na mashirika ya misaada yalikuwa yakifunga virago. Halfani, mume wa Mwanaharusi, alikuwa na duka la vitambaa Ngara mjini. Siku moja alirudi na zawadi kutoka kwa mteja wake aliyekuwa akiondoka. Ilikuwa mpira mkubwa wa mazoezi, wa buluu, unaopita magoti ya mtu mzima. Pamoja nao zilikuja sidii tatu za video.

Halfani aliwasha jenereta, akaunganisha deki na televisheni, akarudi dukani. Mwanaharusi na Bi Raya wakabaki kuzitazama zile sidii. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo walichagua kwa picha. Ya kwanza ilikuwa na bibi aliyekaa juu ya mpira, ameshika kiti. Ya pili ilikuwa na mwanamume aliyelala chali, miguu yake juu ya mpira. Ya tatu ilikuwa na binti aliyepiga magoti juu ya mpira, mikono hewani, anacheka.

"Hiyo ya kwanza ni ya vikongwe," alisema Bi Raya. "Mimi nimeugua tu, sijazeeka. Weka ya huyo anayecheka."

Mwanaharusi alisita. Lakini alijiambia kwamba dawa kali ndiyo huponya upesi. Akaiweka.

Binti wa kwenye video alianza kurukaruka akiwa amekaa juu ya mpira. Mwanaharusi alimshika Bi Raya mkono, akamkalisha juu ya mpira wao.

"Niachie," alisema Bi Raya. "Mbona yeye hashikwi?"

Mwanaharusi akamwachia. Mpira ukateleza kwenye sakafu ya saruji kama sabuni. Bi Raya akaanguka ubavu, puu!

"Yalaa! Nyonga yangu!"

 Mwanaharusi alimkimbilia, akamshika makwapani ili amwinue.

"Mwache! Usimnyanyue!"

Ilikuwa sauti ya Petronila, jirani yao, mzaliwa wa Kirushya, huko huko Ngara. Alifanya kazi kambini ya kuwafanyisha mazoezi watu walioumia viungo. Alikuwa amesikia kishindo kupitia ukutani. Alipiga magoti sakafuni.

"Shikamoo, Bibi. Ni mimi Petronila."

"Mara... marahaba."

"Usijiinue. Chezesha vidole vya miguu."

Vidole vya mguu wa kulia vilicheza. Vya kushoto vilikawia. Mwanaharusi aliuma kanga yake. Kisha navyo vikacheza.

"Mguu haujageuka wala kufupika," alisema Petronila. "Lakini macho yangu hayaoni mfupa. Twende hospitali apigwe picha."

Walimlaza juu ya ubao, wakampakia kwenye gari la jirani mwingine. Hospitalini Mwanaharusi alikaa kwenye benchi, macho yake hayabanduki mlangoni. Halfani alifika akihema.

"Nani alimpandisha mama yangu juu ya mpira?"

"Ni mimi," alisema Mwanaharusi.

Halfani akaenda kuketi mwisho mwingine wa benchi.  Kwa saa mbili walikaa hivyo, mpaka mlango ulipofunguliwa. Mfupa ulikuwa mzima. Nyonga ilichubuka, na kifundo cha mkono kiliteguka.

Waliporudi, Halfani alichukua kisu jikoni, akaufuata mpira.

"Subiri, Baba Shamimu," alisema Petronila. "Ukiutoboa, mama atapata wapi nguvu za miguu? Mpira hauna kosa. Mmechagua video isiyo yake."

Alizipanga sidii mbele yao. "Hii ya tatu ni ya mwenye mwili mkakamavu. Ya pili ni ya mzima aliyekwisha kuzoea. Ya kwanza ni ya anayeanza, awe kijana au mzee."

"Tungejuaje, nasi hatusomi Kiingereza?" aliuliza Mwanaharusi.

"Tazameni video yote kwanza, mkiwa mmekaa. Mwalimu akirukaruka au akiacha kushika kitu mapema, jueni ni ya waliozoea. Na ukiwa mazoezini, uweze kuzungumza. Ukikosa pumzi ya kusema, imekuzidi. Kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha mara moja, nenda hospitali."

"Basi mimi nianze na ya vikongwe," alisema Bi Raya kutoka kitandani.

"Hapana, Bibi. Hata hiyo bado. Jeraha lipone kwanza na daktari aruhusu. Kisha kwa wiki mbili utafanya zoezi la kuinuka na kuketi kwenye kiti cha kawaida. Mpira baadaye, juu ya mkeka usioteleza, umeegemezwa ukutani, na mtu pembeni. Ukiketi, nyayo zote zikanyage chini."

Kisu kilirudi jikoni.

Mara ya kwanza Bi Raya alipoketi tena juu ya mpira, Mwanaharusi alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Petronila alisimama kushoto, yeye kulia.

"Mama, usiniambie nikuachie," alisema Mwanaharusi.

"Sikwambii, mwanangu. Shika."

Walifanya dakika tano, siku iliyofuata wakapumzika, kisha wakaongeza kidogo kidogo. Mwanaharusi naye alifuata sidii ya kwanza mpaka akaweza kuimaliza siku tatu tofauti bila maumivu. Hapo ndipo alipoanza ya pili. Binti yao Shamimu, mchezaji wa netiboli, aliporudi likizo alitaka ya tatu moja kwa moja. Bi Raya mwenyewe alimkataza. "Anza na ya pili tukuone."

Miezi minne baadaye Petronila alihamishiwa Kibondo. Siku ya safari alikuja kuaga. Bi Raya aliinuka kitini peke yake, akajifunga kanga kiunoni, akaubeba mfuko mdogo wa Petronila, akatangulia barabarani.

"Bibi, stendi ni mbali," alisema Petronila.

"Najua," alijibu Bi Raya. "Nifuateni."